Masaji ya Likizoni: Maneno ya Kusema Kabla ya Kulala Kitandani

Huko Zanzibar, ukipita Paje, Jambiani, Nungwi au kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, hutatembea mbali kabla ya kukuta kibao cha masaji. Pengine ni banda la makuti lenye vitanda viwili na pazia la kanga. Pengine ni chumba cha nyuma ya saluni ya kusuka, au nyumba ya kale ya mawe iliyogeuzwa spa. Kwa mtu aliyetoka bara kwa basi la usiku kisha akavuka bahari kwa boti, saa moja ya kukandwa na mjuzi wa kazi ni miongoni mwa starehe bora za likizo. Tena fedha anayoitoa hubaki pale pale mtaani, kwa mtu aliyeitolea jasho.

Makala hii inakuhimiza uende. Lakini nenda ukijua jambo moja: masaji nzuri hujulikana kabla mkono haujagusa mwili. Mkandaji anayeijua kazi yake huanza kwa kuuliza. Unaumwa wapi? Unatumia dawa gani? Una mimba? Nguvu kiasi gani? Na mteja mwerevu hujibu kwa ukweli, kisha naye huuliza yake. Banda la makuti ambamo umeulizwa vizuri ni salama kuliko jumba la marumaru ambamo umeambiwa tu uvue nguo ulale.

Ujuzi wa kwetu

Watu wa mwambao hawakufundishwa kukanda na watalii. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta. Bibi harusi husingwa na somo wake siku kadhaa kabla ya ndoa, mpaka ngozi ilainike na kunukia. Singo ya Unguja huchanganywa kwa asumini, mawaridi na mlangilangi, pamoja na majani ya mrehani na mpompia, na liwa. Kwa Wapemba, karafuu ndiyo hutawala. Haya ndiyo mambo ambayo spa ndogo za Zanzibar zinaweza kukupa na ambayo hutayapata kwa urahisi kwingine, kwa hiyo ukikuta singo iliyotengenezwa siku hiyo hiyo, usiikimbilie ile masaji ya mtindo wa kigeni kwa sababu tu jina lake limeandikwa juu kwenye orodha.

Historia nayo imeacha alama. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijengesha bafu za umma za mtindo wa Kiajemi Mji Mkongwe, na mtaa huo unaitwa Hamamni hadi leo. Bafu hizo hazifanyi kazi tena, ila wageni huingia kulitazama jengo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyechapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, ameeleza jinsi mabibi wa jumba la kifalme walivyokuwa wakiamshwa kwa kukandwa viungo taratibu. Waliowakanda walikuwa watumwa. Hawakuwa na hiari, hawakuwa na ujira. Anayekukanda leo ni mtu huru mwenye fani yake, na sehemu kubwa ya ushauri unaofuata inatokana na tofauti hiyo: nyote wawili mna haki ya kusema ndiyo, na nyote wawili mna haki ya kusema hapana.

Dakika tano za mlangoni

Usilipe wala usivue nguo kabla hujakiona chumba. Hiyo si jeuri. Mwenye kazi safi hufurahi kuionyesha. Piga hodi, salimia, ingia, kisha tazama.

Anza na shuka. Iwe imebadilishwa mbele yako au imetoka kwenye mkunjo, isiwe na mchanga wala mabaki ya mafuta ya mteja aliyepita. Kama kitanda kina tundu la uso, kuwe na kitambaa safi juu yake, kwa sababu hapo ndipo jasho na vipodozi vya watu wote hukutana. Ukiwa na wasiwasi, toa kanga yako mwenyewe mkobani umpe atandike. Hakuna anayeudhika kwa hilo.

Tazama mikono. Kucha ziwe fupi, pete na bangili ziwe zimevuliwa, na anawe kwa sabuni kabla ya kukugusa. Mahali ambapo maji ya bomba hayafiki, ndoo yenye koki inatosha. Mkandaji mwenye jeraha bichi kidoleni au upele mikononi asikukande siku hiyo, hata kama ni fundi wa kusifika.

Tazama mafuta. Yatoke kwenye chupa yenye pampu au mdomo mwembamba, au yamiminwe kwenye kibakuli chako peke yako. Bakuli kubwa linalochotwa kwa mkono tangu asubuhi limeshapokea ngozi za watu wengi. Singo ni vivyo hivyo: ipimwe ya mtu mmoja, na inayobaki imwagwe. Ukitaka huduma ya miguu, beseni lioshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu kabla ya maji yako kumiminwa, maana fangasi wa miguu huambukizana kwa njia hiyo hiyo.

Tazama mlango. Pazia likusitiri vizuri, lakini mlango usifungwe kwa ufunguo ambao huwezi kuufikia. Jua njia ya kutokea, na mwambie mwenzako uliyesafiri naye uko wapi na utamaliza saa ngapi.

Mwisho uliza kuhusu leseni. Biashara halali ina leseni, na huko Zanzibar shughuli za watalii zinasimamiwa na Kamisheni ya Utalii. Karatasi ukutani haithibitishi ujuzi wa mikono, ila inamaanisha kwamba biashara ina mwenyewe anayejulikana na ina mahali pa kulalamikiwa. Kwa mkandaji wa ufukweni asiye na ofisi, muulize jina lake, alijifunza wapi, na hoteli gani ya jirani inamfahamu. Mwenyeji wa nyumba uliyofikia anaweza kukuthibitishia kwa simu moja tu.

Mwili wako useme ukweli

Hapa ndipo wasafiri wengi hukosea, kwa haya au kwa kudhani masaji haina madhara. Kwa mtu mwenye afya njema, kweli hatari ni ndogo. Lakini kuna hali ambazo mkandaji asipoambiwa anaweza kukuumiza kwa nia njema.

Ya kwanza inahusu safari yenyewe. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kuhusu wasafiri: kukaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi, iwe ndani ya ndege, treni, basi au gari, huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Kwa mtu mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, yapata mtu 1 kati ya 6,000. Ila huyo mmoja akikandwa kwa nguvu, bonge la damu linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu. Kwa hiyo ukishuka safari ndefu ukaona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, shavu la mguu linauma, pana joto au rangi imebadilika, usiende kuchuliwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi zikikata, usisubiri hata saa moja.

Ya pili ni homa. Mwili kuuma kila kiungo pamoja na joto kali, baridi au kichwa kugonga si uchovu wa safari. Inaweza kuwa malaria uliyokuja nayo kutoka nyumbani, au dengi, ambayo Dar es Salaam iliwahi kuwa na mlipuko wake mwaka 2019. Masaji haitibu hata moja kati ya hizo, na saa unayoipoteza kitandani ni saa ya kupima damu. Pima kwanza.

Ya tatu inawahusu wazamiaji. Nungwi na kisiwa cha Mnemba huvuta watu wengi wanaozama kwa mitungi ya hewa. Maumivu ya viungo, ganzi au uchovu usio wa kawaida baada ya kuzama unaweza kuwa ugonjwa unaotokana na mapovu ya gesi mwilini. Masaji ya nguvu ikifanywa siku hiyo, maumivu yake huchanganyika na dalili hizo na tiba huchelewa. Ahirisha masaji nzito hadi siku nyingine, na ukiwa na dalili, wajulishe kituo cha uzamiaji na daktari mara moja.

Hali nyingine unazopaswa kuzitaja, hata usipoulizwa:

- Mimba. Mkandaji aliyefunzwa kukanda wajawazito atakulaza ubavu, hasa miezi ya mwisho, na ataacha kukandamiza tumbo. Wengi hawakandi mimba changa kabisa, na wana haki ya kukataa. Mwenye presha ya mimba, kutokwa damu au mimba yenye matatizo amuulize kwanza daktari wake.
- Presha isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo. Pata ushauri wa daktari kabla ya safari, na usikubali mvuke wala mawe ya moto.
- Kisukari kilicholeta ganzi miguuni. Huwezi kupima vizuri joto wala nguvu ya mkono, kwa hiyo ni rahisi kuungua bila kujua.
- Dawa za kuzuia damu kuganda. Mkono mzito huleta michubuko mikubwa ya damu chini ya ngozi.
- Upasuaji wa karibuni, mfupa uliovunjika, mifupa iliyodhoofika, saratani inayotibiwa, au mishipa iliyovimba miguuni.
- Jeraha, jipu, upele wa kuambukiza, au mguu uliochomwa na miiba ya baharini.

Ngozi iliyoungua na jua nayo ni ngozi iliyojeruhiwa. Jua la mwambao halimchagui mtu. Mweusi naye huungua, ingawa wekundu hauonekani kwa urahisi. Kama mabega yanawaka ukiyagusa, hiyo si siku ya kusingwa.

Haya yote husemwa kwa sentensi chache. Mkandaji akikuuliza, "Dada, kuna ugonjwa wowote niujue kabla hatujaanza?", usijibu "hakuna shida" kwa mazoea. Mjibu: "Nina presha, natumia dawa, na goti la kushoto nilifanyiwa upasuaji." Akisema, "Basi goti sitaligusa," umempata mjuzi. Akisema, "Hilo niachie mimi, litapona leo," shukuru, simama, uondoke.

Mafuta, singo na jua

Mafuta ya nazi ndiyo yanayotumika zaidi mwambao, na ngozi nyingi huyapokea vizuri. Ukitaka uhakika, nunua chupa yako soko la Darajani au dukani, uende nayo. Mwenye mzio wa karanga, lozi au ufuta aulize kila mara mafuta yametengenezwa kwa nini, kwa sababu mafuta ya mbegu hizo hutumika pia kwenye masaji.

Karafuu inahitaji maelezo yake. Pemba kuna kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mafuta yanayotoka huko ni makali. Sehemu kubwa yake ni yujenoli, ile dawa ya ganzi inayowafanya watu watie karafuu kwenye jino bovu. Mafuta hayo yakipakwa matupu huunguza ngozi. Yanatakiwa yawe matone machache tu ndani ya mafuta ya nazi, na yasikaribie macho, midomo wala sehemu za siri. Joto dogo la kupendeza ni kawaida. Mwasho, ukali au malengelenge si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Hapo unaosha kwa sabuni na maji mengi.

Kama ngozi yako ni nyepesi kudhurika, omba upakwe mafuta au singo kidogo ndani ya kiwiko siku moja kabla. Ukiwa na muda mfupi, subiri angalau nusu saa, ingawa mzio mwingine huchelewa kujitokeza. Singo husugua, kwa hiyo isipakwe kwenye ngozi iliyonyolewa siku hiyo. Kama itachanganywa na dalia au manjano, vaa nguo ambayo huiogopei madoa.

Jihadhari na ndimu. Maji ya ndimu au limau yakikaa kwenye ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, huacha malengelenge na mabaka meusi yanayoweza kukaa wiki nyingi. Singo yenye ndimu, au mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda yake, isiwe ya asubuhi ya siku ya kuogelea. Panga ukandwe jioni, uoge, ulale.

Mwenye pumu aseme mapema asifukiziwe udi ndani ya chumba kidogo. Harufu inayompendeza mwenzake inaweza kumkata pumzi.

Bei ijulikane kabla

Kutoelewana kwingi kati ya mgeni na mkandaji kunatokana na fedha, na kunazuilika kwa maneno machache yanayosemwa mkiwa bado mmesimama. Kubalianeni mambo haya:

- Dakika ngapi, na zinahesabiwa kuanzia kulala kitandani au kuanzia kuingia mlangoni.
- Sehemu gani za mwili. "Mwili mzima" kwa mmoja ni pamoja na kichwa na miguu, kwa mwingine ni mgongo na mabega tu.
- Mafuta, singo na taulo vimo ndani ya bei au vinalipiwa mbali.
- Jumla ni shilingi ngapi kwa mtu mmoja, na inalipwa taslimu au kwa simu.

Tangu mwaka 2025 kanuni za Tanzania zinataka bidhaa na huduma za ndani zitajwe bei na zilipwe kwa shilingi. Ukitajiwa dola, omba bei ya shilingi kwa upole. Piga bei kwa heshima na ujue pa kuishia. Saa moja ya kukanda ni kazi nzito ya viganja, mgongo na magoti, na mkandaji hawezi kuifanya mara nyingi kwa siku bila kuumia mwenyewe.

Ukipelekwa na papasi, yaani kijana anayewasakia wageni huduma mitaani, au dereva, jua kwamba mara nyingi kuna kamisheni inayokatwa, na huenda ikatoka kwenye fungu la mkandaji. Ukienda mwenyewe, fedha yako inafika yote. Ukitaka kutoa bakshishi, mpe mkandaji mkononi, kwa sababu iliyoachwa kaunta haifiki kila mara.

Stara na mipaka

Zanzibar ni nchi ya Waislamu wengi, na spa nyingi za mtaani hupanga wanawake wakandwe na wanawake, wanaume wakandwe na wanaume. Ukiwa na chaguo lako, liseme wakati wa kuweka nafasi, usisubiri hadi umekwisha kulala. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Ukipita mtaani kwenda spa, jifunge kanga au vaa nguo inayositiri mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani, uliza saa za kazi mapema. Wafanyakazi wengi wamefunga, na nguvu ya alasiri haiwi ile ya asubuhi.

Ndani ya chumba, mkandaji akupe nafasi ya kuvua ukiwa peke yako. Unavua kiasi unachotaka wewe. Kubaki na chupi ni jambo la kawaida kabisa, na mwenye kutaka kubaki na fulana atakandwa juu ya fulana. Mwili wote uwe umefunikwa kwa kanga au taulo, isipokuwa sehemu inayokandwa wakati huo. Sehemu za siri haziguswi. Matiti hayaguswi. Tumbo, mapaja ya ndani na makalio hukandwa tu kama umeulizwa na umekubali, na ruhusa hiyo unaweza kuiondoa muda wowote. Simu ya mkandaji isiwe mkononi mwake, na yako iwe mahali unapoiona.

Mkono ukienda usikotakiwa, sema kwa sauti: "Hapana. Acha hapo." Si lazima utoe sababu, si lazima ungoje saa iishe. Jifunike, toka, nenda penye watu. Ukiwa umeshambuliwa, usioge wala usifue nguo ulizovaa. Nenda hospitali mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, namba ya dharura ni 112, na Unguja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Ukiwa Kenya, iwe Mombasa, Diani au Lamu, namba ya bure ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia ni 1195. Aibu si yako, ni ya aliyetenda.

Ukiwa kitandani

Usiende umeshiba sana wala umelewa. Acha saa moja au mbili zipite baada ya chakula kizito, na oga kwanza, uondoe mchanga na chumvi. Mchanga kidogo tu ukichanganyika na mafuta hukwaruza ngozi.

Kuhusu nguvu, tumia kipimo cha pumzi. Mkono ukiwa mzito kiasi cha kukufanya uzuie pumzi au ukunje vidole vya miguu, umepita kiasi. Maumivu ya kuchoma, ganzi, au shoti inayoshuka mkononi au mguuni ni ishara ya kusimama mara moja. Ile imani kwamba bila maumivu hakuna nafuu imewaacha watu wengi na michubuko. Sema tu, "Dada, punguza kidogo hapo begani." Mkandaji mzuri huuliza mwenyewe, lakini hawezi kujua kila kitu kwa kutazama mgongo.

Usikubali kuvunjwa shingo. Mtindo wa kushika kichwa na kukizungusha ghafla hadi kilie umeenea kwenye vinyozi na baadhi ya mabanda. Kwa nadra, msukumo huo huchana mshipa wa damu wa shingoni na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Sema kabla ya kuanza: "Shingo nikandwe tu, isizungushwe."

Sehemu nyingine zitakupa pia kuumikwa, yaani kupigwa chuku au hijama. Ile ya kikombe kikavu huacha alama za mviringo zinazofutika baada ya siku kadhaa. Ile ya kuchanja inatoa damu, na hapo hatari ni VVU na homa ya ini. Kiwembe kifunguliwe mbele yako na kitupwe baada yako, vikombe viwe vya mtu mmoja, na mtoaji huduma avae glovu. Lolote kati ya hayo likikosekana, kataa. Likizo si wakati wa kujaribu jambo ambalo usingelikubali nyumbani.

Ukishainuka

Inuka polepole. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili, kwa sababu presha hushuka ukilala na wengine huona kizunguzungu. Futa mafuta nyayoni kabla ya kukanyaga sakafu ya terazo. Kunywa maji kwa sababu kuna joto na umetoka jasho. Usinywe kwa kuamini kwamba unaondoa sumu zilizotikiswa, maana kazi hiyo ni ya figo na ini, na masaji haiongezi wala haipunguzi. Inachoweza kukupa kweli ni misuli iliyolegea, usingizi mzuri, na nafuu ya muda mfupi kwa mgongo au mabega yaliyokaza. Atakayekuahidi kuponya kisukari, ugumba au kiharusi anauza maneno.

Uchovu mdogo wa misuli kwa siku moja au mbili ni kawaida. Michubuko inayoenea, ganzi isiyoisha, kichwa kinachouma vikali, mdomo kwenda upande, mguu kuvimba au malengelenge ni mambo ya daktari.

Haki ya anayekukanda

Usalama wako na heshima ya mkandaji vinakwenda pamoja. Wakandaji wengi wa spa ndogo ni mama na mabinti wanaosomesha watoto kwa kazi hii, na wengi wao wamewahi kukutana na mteja anayedhani kwamba masaji ni jina la kitu kingine. Usimwombe huduma hiyo hata kwa mzaha, usimguse, usimpige picha bila ruhusa. Nenda ukiwa msafi. Fika kwa wakati, na ukichelewa usidai saa kamili, kwa sababu nyuma yako kuna mtu mwingine. Ukighairi dakika za mwisho, mlipe fidia, kwani huenda amemkataa mteja mwingine kwa ajili yako. Na akikuambia, "Kwa hali yako hii siwezi kukukanda leo," usimlazimishe wala usimwongezee bei. Amekataa fedha kwa ajili ya afya yako, na huo ndio ushahidi mkubwa zaidi wa ujuzi wake.

Ukiwa hukuridhika, mwambie yeye kwanza, au mwenye biashara, kwa lugha ya kistaarabu. Ukiridhika, taja jina lake kwa mwenye biashara na kwa wageni wenzako mliofikia pamoja. Mtu asiye na fedha ya matangazo huishi kwa sifa kama hiyo, na kila mteja anayempeleka mwenzake kwa mkandaji makini anampunguzia soko yule anayebahatisha na miili ya watu.